Mpaka wa mkoloni tunaulaani, wa jirani je?



Ndugu zangu Waislamu, nilikwenda Vanga kumzika shangazi yangu. Ukitoka Tanga unafika Horohoro, unagongewa muhuri, unavuka Lungalunga. Si mbali na barabara kuna jiwe la mpaka. Kijana niliyekuwa naye akauliza: "Mzee, hili nani aliliweka?"

Nikamweleza kwamba mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia Ziwa Victoria. Sayyid Barghash wa Zanzibar, aliyekuwa na mamlaka ya pwani hii, aliachiwa ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Mwaka 1890 Ujerumani ikauchukua ukanda wa upande wake kwa mark milioni 4. Wadigo na Wasegeju, watu wa msikiti mmoja, wakajikuta katika dola mbili. Januari 1915 majeshi ya dola hizo yakauana pale Jasini, jirani na Vanga. Nchi zetu zilipojitawala, wakuu wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka waliyoikuta. Ndio maana jiwe lipo.

"Basi walikuwa madhalimu," akasema kijana. "Unagawaje ardhi ya mtu bila kumuuliza?" Nikamuunga mkono kwa nguvu zote.

Wakati wa kurudi nilipitia shamba la marehemu baba yetu. Baba mdogo akanishika mkono, akanipeleka kwenye jiwe la mpaka baina yetu na bibi jirani. Akasema: "Mwanangu, jiwe hili halikuwa hapa. Kaka yangu alilisogeza hatua sita, mwaka ule bibi huyu alipofiwa na mume. Nilinyamaza kwa kumstahi. Sasa naogopa kufa nalo."

Nilitokwa na jasho. Sisi watoto watano tulikwisha kugawana shamba lile, na nazi zake tumekula. Mkoloni niliyemlaani Horohoro nilikuwa namrithi nyumbani!

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayechukua ardhi ya mwenziwe kwa dhulma, hata kiasi cha shibiri, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama mpaka ardhi saba. Na ametufahamisha kuwa Allah amemlaani anayebadilisha alama za mipaka ya ardhi. Hapo hakutajwa Mjerumani wala Mwingereza. Ametajwa kila mwenye kufanya.

Nilipowaita ndugu zangu, mmoja alisema tutamwaibisha marehemu. Nikamjibu kuwa aibu ya kijijini ni ya siku chache, na mzigo alionao baba kaburini hakuna wa kumpunguzia ila sisi. Tena mali ya mtu haiwi mirathi kwa sababu aliyeipora amekufa. Tukakubaliana.

Tulilirudisha jiwe mbele ya mashahidi, tukamwomba bibi amsamehe baba yetu, na tukamlipa thamani ya nazi tulizokula. Bibi alisema maneno machache: "Nilijua siku zote. Nilimwachia Mungu."

Ndugu yangu msomaji, neno hilo lilinitisha kuliko kesi yoyote ya mahakamani. Dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi baina yake na Allah.

Sisi wa mijini tusijione tumesalimika. Ni bikoni ngapi zimeng'olewa usiku? Ni kuta ngapi zimesogezwa mpaka uchochoro haupitishi jeneza? Ni viwanja vingapi vya wakfu vimemegwa na watu wanaoswali safu ya kwanza? Jiwe la mwaka 1886 hatuna uwezo wa kuling'oa mimi na wewe, na pale Vanga tulisimama safu moja kumswalia shangazi, Mkenya na Mtanzania, bila jiwe hilo kutuzuia. Lakini jiwe la uani kwako unalo uwezo nalo. Wazee wanaojua lilipokuwa wangali hai. Waulize kabla hawajaondoka.

Allah (s.w.) atujaalie kurudisha haki za watu tukiwa hai. Amin.