Mwezi Uliopakwa Tope

Wabukusu wa Bungoma wana kisa cha kale cha ndugu wawili wa angani. Mwezi ndiye aliyekuwa kaka mkubwa, na mwanga wake ulimshinda Jua. Jua akaingiwa na wivu, wakashikana mieleka. Mara ya kwanza Jua alibwagwa, akaomba msamaha, akasamehewa. Walipopigana tena, Mwezi ndiye aliyeanguka, akapakwa tope ili asing'ae kama zamani. Wele, Mungu wao, akawaamua: Jua awake mchana, Mwezi aangaze usiku.

Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner alikisikia kisa hiki alipofanya utafiti magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930, na maelezo yake juu ya imani za Waluhya, wakiwemo Wabukusu, yakachapishwa mwaka 1954. Ndani ya kisa hicho kidogo limo swali ambalo wanafalsafa na wanadini wamelibishania kwa karne nyingi. Je, doa huuharibu weupe, au ndilo linalotuwezesha kuuona?

Swali hili lina upande wa mikono pia. Wapo watu ambao hulikabili kila wanaposhika brashi: wapakaji wa sanamu ndogo za michezo ya vita ya mezani, askari wa plastiki wasiozidi kidole kwa urefu. Mchezo maarufu zaidi wa aina hiyo, Warhammer 40,000, ulitolewa Uingereza mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop. Miongoni mwa majeshi yake limo la White Scars, ambalo askari wake huvaa deraya nyeupe, na wapakaji wengi watakwambia kwamba hakuna rangi inayowatoa jasho kama hiyo.

Sababu inaonekana mara moja. Ukiipaka deraya yote nyeupe tupu, umbo linapotea. Bega, kifua na goti huungana, na askari anageuka bonge la chokaa. Basi mpakaji huchukua rangi ya majimaji iliyotengenezwa kwa ajili ya vivuli, akaimwaga juu ili itiririkie kwenye mifereji na viungo. Hapo huja balaa la pili. Rangi ya aina ya Nuln Oil, ambayo ni nyeusi, ikienezwa kila mahali humfanya askari aonekane ametoka kwenye tanuri la makaa. Agrax Earthshade, ya kahawia, humpa sura ya mfupa uliofukuliwa. Weupe uliotafutwa umekufa.

Wenye uzoefu hufuata njia nyingine. Huanza na kijivu hafifu, kisha hupanda polepole kwa tabaka nyembamba kuelekea weupe, na weupe kamili huuweka mahali pachache tu: ukingo wa kofia, juu ya bega, ncha ya goti. Kivuli hukitia kwa brashi nyembamba ndani ya mifereji peke yake. Anayetaka deraya ionekane safi na baridi huchagua kivuli chenye ubuluu. Anayetaka ionekane imesafiri huweka kahawia miguuni. Kanuni hiyo ya mwisho haihitaji kitabu kwa mtu wa Trans Nzoia. Wakati wa kiangazi, gari jeupe linaloshinda kwenye njia za vumbi za upande wa Endebess na Suam hurudi Kitale jioni na wekundu mzito magurudumuni na milangoni, huku paa likiwa bado jeupe. Vumbi lina mahali pake.

Kwa nini mpakaji asitumie rangi nyeupe ya majimaji, inayopitisha mwanga, akamaliza kazi? Ludwig Wittgenstein, katika maandishi yake ya mwisho kuhusu rangi, aliyoyaandika miaka ya 1950 na 1951, aliuliza swali la jirani kabisa na hilo. Kipo kioo chekundu na kipo cha kijani. Kwa nini hatuwezi hata kukiwaza kioo cheupe kinachoonyesha vilivyo nyuma yake? Fizikia ina jibu lake: kitu huwa cheupe kwa kuutawanya mwanga wote unaokigonga, na kinachoutawanya mwanga hakiuachi upite. Lakini Wittgenstein alitaka tuone jambo zaidi ya fizikia. Rangi hupata maana ndani ya uhusiano wake na rangi nyingine.

Mwaka 1929 mwanasaikolojia Adhémar Gelb alilionyesha jambo hilo kwa jaribio rahisi. Alikiweka kisahani cheusi ndani ya chumba chenye giza, akakimulika peke yake kwa taa kali. Watazamaji walikiona cheupe. Alipokiwekea kipande cha karatasi nyeupe kando yake, papo hapo kikaonekana cheusi. Taa ilikuwa ileile na kisahani kilekile. Aliyebadilika ni jirani.

Na mwezi wenyewe? Vumbi na mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 yalikuwa ya kijivu kilichokolea. Uso wa mwezi hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoupata, kiasi kinachokaribia kile cha lami iliyochakaa. Tunauona mweupe kwa sababu umezungukwa na giza la usiku. Wazee wa Bungoma hawakuwa na darubini, lakini kisa chao kuhusu tope la mwezi kimekaa karibu na ukweli kuliko macho yetu.

Hata weupe ulio ndani ya kichupa cha rangi una asili nyeusi. Unga unaoifanya rangi nyeupe ya leo kuwa nyeupe ni dioksidi ya titani, na madini yake makuu, ilmenaiti, ni chembe nyeusi za mchanga. Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga huo kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, ikausafirisha ng'ambo kwa meli kupitia Likoni. Viwandani ndiko weusi ulikotengwa na weupe kubaki.

Mtu anaweza kusimama hapa akatangaza kwamba jambo limekwisha: pasipo kivuli hapana weupe, basi pasipo uovu hapana wema. Hoja hiyo ilitolewa zamani, tena na Mwafrika. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika katika *Mji wa Mungu*, kitabu cha kumi na moja, kwamba picha hupendeza ikiwa na rangi nyeusi iliyowekwa mahali pake, na vivyo hivyo ulimwengu, kwa anayeweza kuutazama wote, ni mzuri hata ukiwa na wenye dhambi ndani yake.

Ni hoja yenye nguvu, na mpakaji yeyote wa deraya nyeupe ataielewa haraka. Lakini ina kasoro kubwa. Mfereji wa plastiki hauumii ukimwagiwa rangi nyeusi. Binadamu huumia. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, Bungoma, polisi wa serikali ya kikoloni waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyoanzishwa na Elijah Masinde, na watu wakauawa. Nani atakayesimama mbele ya mjane wa Malakisi amwambie kwamba mumewe alikuwa kivuli kilichohitajika ili picha ipendeze?

Mapokeo ya dini yenyewe hayakubali urahisi huo. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Jiwe Jeusi la Makka lilishuka kutoka Peponi likiwa jeupe kuliko maziwa, likasawijika kwa dhambi za wanadamu. Hapo weusi ni hasara, si pambo. Katika Ufunuo wa Yohana, waliovaa mavazi meupe wametoka katika dhiki kuu, na mavazi yao yamefuliwa kwa damu. Dhiki haikusifiwa, imepitwa. Wabukusu nao, kwa maelezo ya Wagner, walimwomba Wele mweupe, muumba, amfukuze Wele mweusi aletaye maafa. Weusi huo si wa ngozi ya mtu. Ni wa msiba na ugonjwa. Katika sala hizo hakuna mtu aliyeshukuru kwa ajili ya msiba.

Hata hivyo Wabukusu hawakulikataa kila tope. Mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mvulana anayetahiriwa hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa tope baridi mwili mzima, na bonge lake likawekwa kichwani pamoja na unyasi uliosimikwa. Hurudi nyumbani akiimbiwa, mbele ya baba na wajomba, akasimama bila kutikisika. Tope hilo si aibu. Hupakwa na watu wanaompenda, kwa wakati unaojulikana, kwenye njia ya kumfanya mtu mzima, na lina siku ya kuoshwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Tope la mtoni na tope la Mwezi hufanana machoni, lakini moja limepakwa na jamii inayomlea mtoto na lingine limerushwa na ndugu mwenye wivu. Na tazama alichofanya Wele. Hakumsifu Jua kwa kuupunguza mwanga wa kaka yake, wala hakumwambia Mwezi ashukuru kwa kuwa sasa anapendeza. Aliwatenganisha wagomvi, akampa kila mmoja zamu yake. Aliyeonewa alipata nafasi ya kung'aa na tope lake, lakini tope lilibaki kuwa kosa la aliyelipaka.

Augustino basi alisema kweli kuhusu jicho. Tunaona kwa tofauti, na anayeukimbia kila mpaka wa giza hataweza kuchora hata bega la askari wa plastiki. Alipoitoa hoja hiyo jichoni na kuipeleka kwenye maisha ya watu, alikwenda mbali mno. Kivuli kinaeleza jinsi weupe unavyojulikana. Hakimhalalishii mtu kumwaga tope juu ya mwenzake.

Kwa wahubiri wa Kitale na Bungoma wanaosimama kila wiki kwenye mazishi, lipo ombi moja. Mfiwa asiambiwe kwamba Mungu alihitaji msiba wake ili wema upate kuonekana. Wele wa kisa cha Mwezi hakusema hivyo. Aambiwe kwamba alichotendewa ni uovu ikiwa ni uovu, asaidiwe kutenganishwa na aliyemwonea, na apewe nafasi yake ya kung'aa tena.