Baba Amekubali, Mama Amekataa: Je, Watoto Waione Sinema Hii?



Katika ukurasa huu twazoea kuzungumza juu ya fedha, wakwe na ulevi. Leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani sinema. Nimeona dogo hili likiwafanya mume na mke wasisemezane siku nne.

Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo alinijia akiwa na huzuni. Mumewe alikuwa amewaahidi watoto wao wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa miaka mitano, kwamba shule zikifungwa atawaonyesha sinema ya Narnia iliyotoka mwaka 2005, ile ya simba, mchawi na kabati la nguo. Mama alipoona neno "mchawi" kwenye jalada alisema, "Hii haitaingia nyumba hii." Baba alinyamaza. Jumamosi, mama alipokwenda mkutano wa akina mama kanisani, baba aliwaonyesha watoto sinema ile, kisha akawaambia, "Mama asijue." Usiku yule mdogo aliamka akilia. Mama alimwuliza ameota nini. Mtoto alimtazama baba yake, akanyamaza. Ikawa hivyo usiku tatu, mpaka dada yake aliposema ukweli.

Je, ni nani aliyekosea?

Tumsikilize baba kwanza. Alisema hadithi hii ni ya Kikristo, na hakusema uongo. Aliyeitunga ni C. S. Lewis, muumini wa Kanisa la Anglikana, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1950. Watoto wanne wa Uingereza wanapita ndani ya kabati na kufika nchi iliyofungwa na baridi ya yule Mchawi, nchi isiyopata Krismasi. Mmoja wao, Edmund, anawasaliti ndugu zake. Aslan, yule Simba, anakubali kuuawa badala yake, kisha anafufuka. Katekista anayefundisha Pasaka hawezi kuidharau hadithi kama hiyo.

Sasa tumsikilize mama. Kanisa lakataza uchawi, uaguzi na hirizi, na huku kwetu neno "mchawi" si mchezo. Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa tu. Mama anayeshtuka asikiapo neno hilo si mjinga.

Hata hivyo, neno moja kwenye jalada halitoshi kuhukumu. Katika hadithi hii Mchawi ndiye adui, na anashindwa. Herode yumo katika Injili, wala hatuifungi Injili kwa sababu yake. Na bibi zetu je? Si walitusimulia juu ya zimwi lililomeza kijiji kizima? Tulitetemeka, lakini tulijifunza kwamba ubaya upo na kwamba waweza kushindwa. Mtoto asiyesikia kamwe habari za ubaya atakutana nao siku moja akiwa hana silaha.

Lakini hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Bibi alituweka karibu naye. Alipoona mtoto anatetemeka, alilipunguza zimwi, au aliingiza wimbo. Nasi tulilichora zimwi akilini kwa kipimo tulichoweza kulibeba. Sinema haifanyi hivyo. Haimwoni mtoto wako. Picha yake imetengenezwa na watu wazima, na ukubwa wake ni ule ule kwa mwenye miaka mitano na kwa mwenye miaka kumi na mitano. Ndiyo maana kusema "kitabu chake ni kizuri" hakumalizi swali. Kitabuni vita vya mwisho vimeelezwa kwa kurasa chache. Katika sinema ni virefu na vina kishindo. Kitabu chataja mashambulizi ya London kwa maneno machache. Sinema yaanza na mabomu yenyewe yakianguka. Hadithi ni ile ile, lakini mzigo wake si ule ule.

Wala tusidhani kwamba jambo likiwa la dini lamfaa kila mtoto. Mimi mwenyewe nilikosea. Wakati mmoja wa Kwaresima niliwakusanya watoto wa mafundisho, hata wadogo sana, tutazame sinema ya Mateso ya Kristo ya mwaka 2004. Nia yangu ilikuwa njema. Msichana mmoja alijificha chini ya benchi, na kwa wiki kadhaa hakutaka kuingia kanisani. Nilitaka ampende Yesu, nikamfundisha kuogopa msalaba.

Basi tufanyeje? Bodi yetu ya filamu hapa Kenya hutumia alama nne: GE kwa watu wote, PG, 16 na 18. Hiyo PG maana yake ni kwamba mzazi aongoze. Kule Marekani sinema hii ya Narnia ilipewa PG kwa sababu ya vita na sehemu za kutisha. Angalia vizuri: alama hiyo haikuamulii, yakurudishia wewe kazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya habari, nao uliwakumbusha wazazi kwamba ni wajibu wao kulinda kinachoingia nyumbani.

Tazameni kwanza ninyi wawili, watoto wakiwa wamelala. Anayekataa asikatae asichokiona. Anayekubali asikubali kwa kusikia sifa. Kisha msiulize, "Yafaa watoto?" Ulizeni, "Yamfaa huyu?" Yule msichana wa miaka kumi aliielewa sadaka ya Simba. Mdogo wake aliona kisu tu. Mkikubaliana, keti nao mchana, rimoti mkononi, na mtoto akijikunyata, simamisha mwulizane. Msipokubaliana, ngojeni. Sinema haiozi. Mwaka ujao itakuwako, na mtoto atakuwa ameongeza kimo.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mama alikosea kidogo kwa kuhukumu jalada. Baba alikosea kidogo kwa kutopima umri wa mwanawe. Kosa kubwa lilikuwa yale maneno mawili, "Mama asijue." Hofu ya mchawi wa sinema huisha mtoto akikumbatiwa na kuelezwa. Lakini mtoto huyu alifungiwa mlango wa kukumbatiwa. Ili amtii baba, ilimbidi amfiche mama machozi yake. Wapiganapo tembo wawili, nyasi huumia.

Ndoa ni sakramenti ya watu wawili kuwa mwili mmoja. Watoto wetu hawaoni sakramenti hiyo katika cheti kilicho kabatini. Huiona baba asemapo, "Ngoja nizungumze na mama yenu," na mama asemapo vivyo hivyo.

Yule baba alimwita mwanawe mbele ya mama yake akamwambia, "Nilikosa. Hapa nyumbani hatumfichi mama." Mama naye alikubali kuitazama ile sinema mpaka mwisho. Mtoto alilala usiku ule.

Mungu azibariki nyumba zenu.