Haki ya Jirani wa Ng'ambo ya Mto

Dini zetu mbili kubwa hazimwachi jirani nje ya ibada. Katika Injili ya Luka, mwanasheria aliyetaka kujua wajibu wake unaishia wapi alimuuliza Yesu jirani yake ni nani, akajibiwa kwa kisa cha msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kuteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Katika Qur'ani, aya moja ya Sura ya An-Nisaa inawataja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na wote wawili wana haki ya kutendewa wema. Sura ya Al-Hujurat nayo inafundisha kwamba wanadamu walifanywa mataifa na makabila ili wajuane. Mahubiri juu ya mafundisho haya huishia mara nyingi kwenye nyumba ya pili: usimsumbue aliyepakana nawe, mgawie chakula, mzike akifa. Hayo ni ya kweli, lakini nchi nayo ina majirani. Ninadai kwamba mwananchi wa kawaida anapaswa kuwajua kwa kiasi fulani: wanakaa wapi, maji yao yanatoka wapi na kuelekea wapi, wanaifikiaje bahari, mpaka baina yao na sisi ulichorwa na nani. Kwa mtu aliyekuwa na nafasi ya kujifunza hayo, kutoyajua ni upungufu wa maadili, wala si suala la alama za mtihani tu.

Tanzania ina majirani wanane, na kwa mmoja wao, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mpaka wote umo ndani ya Ziwa Tanganyika. Uzito wa madai yangu hautokani na hesabu hiyo, bali na jinsi maisha ya pande mbili yalivyofungamana, na mto mmoja unatosha kutoa ushahidi. Kagera unaanza pale Ruvubu, unaotoka Burundi, unapokutana na Nyabarongo wa Rwanda karibu na maporomoko ya Rusumo. Unapanda kaskazini ukiwa mpaka wa Rwanda na Tanzania, unakata kuelekea mashariki, unapita Kyaka, kisha unaingia Uganda na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Mwaka 1994 miili ya watu waliochinjwa katika mauaji ya kimbari nchini Rwanda ilifuata njia hiyo hiyo. Watu wa mwambao wa Uganda waliiopoa ziwani kwa maelfu na kuizika, na Kasensero, karibu na mto unapoingia ziwani, makaburi yao yapo hadi leo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, kwa muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Fimbo ya mbali haiui nyoka: kabla ya mahema na malori ya misaada kutoka nje, waliokutana na umati ule ni wakulima wa Ngara, na kuni zao, visima vyao na mashamba yao ndivyo vilivyobeba mzigo wa kwanza. Hapo hapo Rusumo sasa pana mtambo wa umeme wa megawati 80, na umeme huo unagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Msiba na manufaa vimepita katika maji yale yale.

Kwa hiyo anayesema kwamba ya kwao hayatuhusu anakosea kwanza katika ukweli wa mambo, kabla hata hatujamuuliza habari za dhamiri. Na kosa la ukweli halibaki kosa la akili peke yake likiwa linamgusa mtu ambaye una wajibu kwake na ulikuwa na uwezo wa kulisahihisha. Mwenye kumwaga taka mtaroni bila kuuliza mtaro unaelekea wapi hawezi kujitetea kwamba hakukusudia kumchafulia wa bondeni, kwa sababu kuuliza kulikuwa sehemu ya wajibu wake. Tanzania iko bondeni mahali pamoja na mlimani mahali pengine. Mto Mara, unaowanywesha nyumbu wa Serengeti wakati wa kiangazi, unaanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya. Tungependa sana anayekata mti Mau ajue kwamba kuna Musoma. Lakini mvua inayonyesha Kasulu huingia Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika tunalochangia na Burundi, Kongo na Zambia, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Lukuga karibu na Kalemie kwenda kujiunga na mto Kongo na hatimaye Atlantiki. Udongo unaomomonyoka kwetu hauishii kwetu. Tukidai kujuliwa na wa juu, hatuna hoja ya kukataa kuwajua wa chini.

Mtu mwenye dini anaweza kunipinga hapa kwa kisa kile kile cha Luka. Yule Msamaria, atasema, hakuhitaji ramani. Aliona mtu anavuja damu akamhurumia, basi. Pingamizi hili lina nguvu, na ni kweli kwamba huruma ya ana kwa ana haingoji elimu. Lakini tukitazame vizuri kisa chenyewe. Waliokisikia waliijua njia ile inayoshuka kama mita elfu moja kupita nyika tupu yenye maficho ya wanyang'anyi, na walijua kwamba Samaria iko kati ya Yudea na Galilaya, hata Wayahudi wengine waliona heri kuzunguka kuliko kuikatiza. Bila kujua hayo, ukali wa kisa unapotea. Zaidi ya hapo, wengi wa jirani zetu wa nchi nyingine hatutawakuta wamelala njiani. Tunawafikia kwa kura zetu, kwa ushuru wa bandari, kwa sera ya wakimbizi, kwa maneno tunayotoa kwenye baraza na mitandaoni. Anayetukana "wakimbizi wa Kigoma" bila kujua kwamba vita vya Kongo mashariki viko ng'ambo tu ya ziwa hilo hilo hana nafasi ya kuonyesha huruma ya Msamaria, maana hajamwona mtu bado.

Pingamizi la pili ni la simu: kila kitu kimo mfukoni, ya nini kukariri? Nakubali kwamba kukariri majina ya miji mikuu hakumfanyi mtu kuwa mwema. Lakini simu hujibu swali, haimpi mtu swali. Asiyejua kwamba Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi na Uganda hazina bahari hatajiuliza kwa nini foleni ya malori Tunduma inapandisha bei ya bidhaa Lusaka, wala hataelewa kwa nini reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa haraka kati ya 1970 na 1975, baada ya utawala wa walowezi wa Smith kule Rhodesia kuiweka Zambia katika hali ngumu. Dhamiri hufanya kazi na kile ilicho nacho tayari kichwani wakati habari inapoingia.

Wengine watasema mipaka hii ni kazi ya wakoloni, na kuwafundisha watoto ni kuitukuza. Mimi naona kinyume. Anayejifunza mpaka kwa makini ndiye anayeona ulivyokuwa wa kubuni: mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, magharibi ya Ziwa Victoria, ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na hakuna mlima wala kijito unaouonyesha. Ndiye pia anayeona Wamakonde wako pande mbili za Ruvuma na Wamaasai pande mbili za mstari wa Namanga. Viongozi wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 waliamua kuiheshimu mipaka waliyoirithi si kwa kuipenda, bali kwa kuhofia damu ambayo ingemwagika kila mmoja akianza kuirekebisha.

Na damu ilimwagika kweli, jambo linalonileta kwenye pingamizi ninaloliogopa kuliko yote: elimu ya ardhi ya jirani imewatumikia wavamizi. Waliogawana bara hili baada ya mkutano wa Berlin walikuwa na ramani. Idi Amin wa Uganda naye alijua vizuri kwamba eneo la kama kilomita za mraba 1,800 liko kati ya mto Kagera na ule mstari wa 1890, na Novemba 1978 akatangaza kwamba ni lake, mto ukiwa ndio mpaka anaoutaka. Siwezi kudai kwamba kujua kunazaa wema. Ninachodai ni kidogo zaidi: kujua ni sharti la wema, ingawa halitoshi. Tofauti iko katika kinachotafutwa. Mvamizi huuliza ardhi ina nini na inalindwa vipi. Hahitaji kujua watu wa Kyaka wanazika wapi au wanavuka mto kwenda soko gani. Elimu ninayoitetea huanza na maswali hayo ya pili, na mtu aliyeyajibu kwa dhati hupata shida zaidi kuwaona wakazi wa mahali hapo kama kizuizi cha kuondolewa.

Kiasi gani basi kinatosha? Wajibu hupimwa kwa uwezo, na mama anayeamka alfajiri kuchota maji hadaiwi sawa na mbunge. Uzito mkubwa uko kwa wenye sauti: wahubiri, walimu, wanahabari, wanaojadili mikataba. Chukua mgogoro wa Ziwa Nyasa. Malawi inashikilia mkataba wa 1890 ulioweka mpaka kwenye ufuko wa upande wetu. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji. Anayesimama jukwaani kuuzungumzia mgogoro huo anapaswa kwanza kujua kwamba Malawi haina bahari, kwamba ziwa hilo linachukua karibu sehemu ya tano ya eneo lake lote, na kwamba wavuvi wa Mbamba Bay na wa Nkhata Bay wanategemea samaki wa maji hayo hayo. Baada ya kuyajua anaweza bado kuitetea hoja ya Tanzania, na mimi nadhani ni hoja nzuri, lakini atakuwa anabishana na watu ambao amekwisha kuwaona.