Jumanne: Malaika Anayepinga Amri

Soma Isaya 8:19, 20 na 1 Yohana 4:1. Ujumbe unaodaiwa kutoka mbinguni hupimwa kwa kipimo gani?

John Dee alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa Uingereza katika karne ya 16: mwanahisabati, mshauri wa Malkia Elizabeth I, na mwenye maktaba kubwa nyumbani kwake Mortlake, karibu na London. Hakujiona kuwa mchawi. Alitaka hekima ya Mungu, ila vitabu vyake havikumtosheleza. Kuanzia mwaka 1582 alishirikiana na Edward Kelley, aliyetazama ndani ya jiwe angavu na kusimulia aliyoyaona, huku Dee akiandika. Walianza kwa sala. Jiwe liliwekwa mezani, juu ya muhuri wa nta uliochorwa majina ya Mungu na ya malaika. Kwa macho ya nje, ilikuwa ibada.

Mwaka 1587, wakiwa Bohemia, sauti hizo ziliwaamuru kwamba wake zao wawe wa shirika. Dee alifadhaika, lakini hatimaye wote wawili walitia sahihi mapatano ya kutii. Mtu aliyeanza kwa kupiga magoti aliishia kukubali kuivunja Amri ya Saba, akidhani anamtii Mungu.

Soma Matendo 19:13-20. Wana wa Skewa walilitumiaje jina la Yesu? Waamini wa Efeso walivifanyia nini vitabu vyao?

Wana wa Skewa hawakutaja jina baya. Walitaja jina jema bila kumjua mwenye jina. Hapo ndipo sala na uganga hutengana. Anayeomba humwendea Baba, kisha humwachia ajibu apendavyo. Mganga hutafuta maneno, hesabu na alama za kulazimisha jibu. Waefeso walipolielewa hilo hawakuviuza vitabu vyao, ingawa thamani yake ilifikia vipande vya fedha 50,000. Waliviteketeza.

Tusimcheke Dee. Mkristo anayeiweka Zaburi chini ya mto kama hirizi, au anayerudia jina la Yesu akiamini kuwa nguvu imo katika idadi, amesimama mbele ya meza ile ile.

Tafakari: Jibu ulilolisubiri kwa muda mrefu likija likipingana na Neno, utalitii? Je, kuna kitu nyumbani mwako unachokitegemea mahali pa Kristo? Utakifanyia nini leo?