MASURUFU YA MWENYE KWENDA HAJI KWA MIGUU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kwamba Haji ni faradhi kwa mwenye kuiweza njia yake. Na katika kuweza huko wanavyuoni wamekhitalifiana. Kwa Imam Shafii, akaaye mbali na Makka halazimiki mpaka awe na masurufu na kipando, baada ya kulipa deni na kuwaachia watu wa nyumbani riziki ya kuwatosha hata arejee. Kwa Imam Malik, mwenye nguvu ya kwenda kwa miguu, na kazi ya kumpatia chakula njiani, huyo ameweza.

Basi Waislamu wa Magharibi ya Afrika, wafuasi wa Malik, walikuwa wakitoka nchi za Hausa na Bornu, wakipita Wadai na Darfur hata Suakin, kisha wakivuka bahari kwenda Jidda. Wengi ilikuwa ikiwachukua miaka, na watoto wakizaliwa njiani. Fedha zikiwaishia hushika jembe. Na baada ya mwaka 1925, lilipokwisha jengwa boma la maji la Sennar, wengi walifanya kazi katika mashamba ya pamba ya Gezira, huko Sudani. Mikononi mwao hamkuwa na mali, lakini mlikuwa na kazi.

Na zamani za Mtume walikuwako watu wa Yaman wakienda Haji bila ya masurufu, wakidai kuwa wamemtegemea Mungu. Wakifika Makka huomba watu. Ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, kuwaamrisha wachukue masurufu, na kuwajulisha kuwa yaliyo bora ni ucha Mungu. Amepokea haya Imam Bukhari kwa Ibn Abbas.

Tena Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili, kwa nadhiri ya kwenda kwa miguu. Akasema ya kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kuitesa nafsi yake, akamwamrisha apande.

Basi taabu peke yake si ibada. Atakaye kuitwa Haji, na mkewe akopa unga kwa jirani, ameikimbia faradhi iliyo shingoni mwake akaifuata isiyomlazimu. Na fakiri aliyelipa deni lake, akawatosheleza watu wake, akaenda kwa halali ya mkono wake, Haji yake ni sahihi, wala mwenye kupanda merikebu asimdharau.

Kila mmoja na ajihesabu kabla ya kufunga mzigo. Mwenyezi Mungu awawafikie Waislamu. Amin.