Kunadi Mali Isiyokuwa Mkononi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na kuwaharimishia riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baada ya hayo: Ujiji ni mji wa soko tangu zamani. Misafara ya watu wa pwani iliufikia katika karne ya 19, na reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, hata dagaa na mawese ya ziwani yakawa yasafiri kwa gari la moshi. Mnunuzi wa zama hizo alikwenda sokoni kwa miguu yake, akatia mkono katika gunia, akanusa, akaonja, ndipo akauliza bei. Leo, katika Rusimbi na mitaa mingine ya Kigoma, mtu aweza kufungua duka lisilo mlango wala rafu: picha katika simu, nambari ya kupokelea fedha, na mnunuzi aliye Tanga au Mombasa. Fedha za kutumwa kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo umbali umekuwa si kizuizi cha malipo.

Basi laulizwa swali: mwenye kuianzisha biashara ya namna hii, apange nini kwanza? Apange njia ya kuwapata wanunuzi, au apange ukweli wa kile anachowauzia?

Wengi husema: wanunuzi kwanza, mali baadaye. Wala hoja yao si ya kupuuzwa. Kijana mwenye rasilmali ndogo akijaza ghala kabla ya kujua nani atanunua, dagaa watamharibikia na mtaji utakwisha. Kwa hiyo hutangaza kwanza, hupokea fedha, kisha hushuka mwaloni Kibirizi kununua. Aonapo faida imepatikana na hakuna aliyelalamika, hudhani jambo limetengemaa.

Lakini na atazame msomaji kilichofichika humo. Hakim bin Hizam alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jambo hili hili: mtu humjia akitaka kitu asichokuwa nacho, je, amwuzie kisha aende sokoni akamnunulie? Mtume akamkataza asiuze asichokuwa nacho. Na hikima yake yaonekana kwa macho. Aliyepokea fedha asubuhi kwa bei ya asubuhi, mali ikiwa ingali katika mkono wa mwingine, bei ikipanda jioni hana ila njia tatu: ale hasara, arudishe fedha pamoja na aibu, au apeleke kilicho duni na kukisifu kuwa ndicho. Huenda siku ya kutangaza hakukusudia uwongo hata kidogo. Uwongo haukuwa moyoni mwake. Ulikuwa ndani ya mpango wake, wamngojea.

Wala Sharia haikumfungia masikini mlango. Imemfungulia milango mitatu, kila mmoja na masharti yake.

Mlango wa kwanza ni salam, nayo ni kuuza kitu kilichosifiwa, kilicho katika dhima ya muuzaji, kwa thamani itangulizwayo. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza fedha za matunda kwa mwaka na miaka miwili, akaamuru kipimo kiwe maalumu, na uzani maalumu, na muda maalumu. Basi muuzaji wa Rusimbi na aseme: dagaa wa aina fulani, waliokaushwa juu ya kitu fulani, kilo kadha, siku fulani, mahali fulani pa kukabidhiwa. Na katika madhehebu ya Shafii thamani yote hutolewa katika kikao cha mapatano. Kwa hiyo ile desturi ya nusu sasa na nusu mzigo ufikapo, haisihi kuwa salam kwa ile nusu iliyobaki. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1990 lilisahihisha mapatano ya watu walio mbalimbali kwa vyombo vya mawasiliano, lakini likaitoa salam, kwa sababu ya kuwajibika kuharakisha thamani. Leo fedha hufika kabla mazungumzo hayajakatika. Aliyezituma zote na zikapokewa papo hapo amelichunga lile ambalo sharti liliwekwa kwa ajili yake.

Na sharti jingine la salam ni kuwa kitu kiwe chapatikana wakati wa kukabidhi. Hapa elimu ya ziwa huingia katika fiqhi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na katika mikesha ya mbalamwezi wavuvi hupumzika, maana nuru ya mwezi huidhoofisha nuru ya taa. Na mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi wa Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti. Aliyepokea fedha akaahidi dagaa wapya mwezi wa Juni mwaka ule, alijifunga kwa asichokiweza. Basi mwenye kupanga mauzo ahesabu mwezi wa mbinguni na amri za nchi kabla hajahesabu faida.

Mlango wa pili ni uwakala. Asiye na mali amwambie mnunuzi kwa uwazi: bidhaa si yangu, nipe fedha nikununulie, na ujira wangu ni kiasi fulani. Hapo faida yake ni halali na ulimi wake ni safi.

Mlango wa tatu ni ahadi tupu: sinayo leo, nitaitafuta, nikiimiliki na kuikabidhi tutauziana. Wala asipokee fedha kabla ya hapo.

Imebaki picha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alithibitisha katika Minhaj kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kutosihi kuuza kitu mahsusi kisichoonwa. Basi asemaye «gunia hili hili ulionalo katika picha» hakumwonyesha mnunuzi gunia. Picha haina harufu, wala haielezi uzani, wala haifunui mchanga ulio chini. Na wakazi wa Kigoma wajua tofauti ya dagaa waliokaushwa juu ya chanja na wale waliotandazwa mchangani. Mlaji huijua kwa meno yake. Kuweka picha ya chanja na kupeleka wa mchangani ni kile kile alichokikemea Mtume alipotia mkono katika fungu la chakula akakuta majimaji chini yake, akataka kilicholowa kiwekwe juu watu wakione. Basi mnunuzi wa mbali na amwakilishe mtu aliyeko Kigoma akaione mali, au wauziane kwa sifa kwa njia ya salam.

Imam Ghazali, katika mlango wa uchumi wa Ihyaa, ametaja mambo manne ya uadilifu: asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwamo, asifiche aibu yake, asifiche uzani na kiasi chake, wala asifiche bei ya siku hiyo. Na ama wale rafiki waandikao sifa katika tangazo, hali hawajanunua hata kibaba, hao wamefanana na mwenye kufanya najshi, apandishaye bei katika mnada bila ya nia ya kununua ili mwingine ahadaike. Chombo ni kipya, hadaa ni kongwe.

Hivyo mpango sahihi hupangwa kwa taratibu hii: mtu ajue kwanza ni mwenye mali, au mwakilishi, au mtoa ahadi, kisha apime na kuandika sifa na aibu, kisha ahesabu muda, na mwisho ndipo anadi. Aliyetanguliza kunadi ameujenga mlango kabla ya nyumba, na apitaye humo huangukia uwanjani.

Mwenyezi Mungu awabariki wauzaji na wanunuzi waliosema kweli na kubainisha. Wallahu aalam.