Msiulize Nani Alitenda Dhambi

Wazazi wa Lukafu, nasema nanyi mlio na mtoto mwenye usonji, na mimba nyingine imeingia. Usiku mnaulizana kwa sauti ya chini: huyu anayekuja naye atakuwa vilevile? Swali hilo ni la haki. Msilipeleke kwa mtabiri, wala msiwaachie mashangazi ambao wameshampata wa kumlaumu.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti juu ya wadogo 1,605 wa watoto wenye usonji, waliofuatwa tangu uchanga hadi miaka 3. Mmoja kati ya watano alikutwa nao. Sikieni vizuri: wanne kati ya watano hawakuwa nao! Wavulana walikuwa kama mmoja kwa wanne, wasichana kama mmoja kwa wanane. Pale wakubwa wawili au zaidi walipokuwa nao, ilifika karibu asilimia 37. Basi amekosea asemaye "wote watakuwa hivyo", na amekosea pia asemaye "zamu yetu imekwisha". Hakuna zamu. Kila mimba inakuja na uwezekano wake, maana usonji kwa sehemu kubwa hutoka katika urithi wa damu.

Damu, si uchawi! Katika Kongo yetu mdogo naye akichelewa kusema, kidole huelekezwa kwa mkubwa, eti ndiye aliyemfunga ulimi. Mtoto asiye na neno la kujitetea anaburutwa kutolewa pepo, anafungwa, ananyimwa chakula. Hilo ni dhambi, na pia ni kosa la jinai: sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampeleka gerezani anayemsingizia mtoto uchawi. Naye Yesu, alipoulizwa kama kipofu wa kuzaliwa aliponzwa na dhambi yake au ya wazazi wake, alikataa yote mawili. Fungueni Yohana, sura ya 9.

Mdogo mtazameni mapema. Mwaka umetimia na hageuki akiitwa jina, miezi 18 na haonyeshi kitu kwa kidole: msingoje. Apimwe masikio kwanza. Lubumbashi kuna Kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili na neva. Ulizeni huko, na mkubwa aende naye, asifichwe chumbani.

Nawe baba uliyemrudisha mke kwao ukisema tumbo lake lina laana, nusu ya urithi wa mtoto yule imetoka kwako. Nenda ukamchukue kabla hajajifungua.